Jioni ya Baharini Mbele ya Mji Mkongwe: Namna ya Kukodi Chombo na Kuifaidi Bandari ya Unguja

Mji Mkongwe wa Unguja umeipa bahari uso wake. Ukiwa ndani yake, kwenye vichochoro vya Shangani, Kiponda au Malindi, unaona mlango wa nakshi, ukuta na kipande cha mbingu. Jumba zima hulioni, maana huna pa kurudi nyuma ukalitazama. Waliojenga majumba ya mbele walijua kuwa mgeni wa heshima ataingia kwa chombo, wakayapanga yapendeze kutoka huko. Mtu anaweza kuzaliwa Kikwajuni akafikisha miaka 60 bila kuuona mji wake kwa namna hiyo, ila kwa haraka kupitia dirisha la boti ya Dar es Salaam, huku anatafuta mizigo yake.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Jioni niliyompandisha mashua alikaa kimya mpaka tulipofika mbele ya Ithnaashiri, lile jumba la zahanati ya zamani, kisha akaanza kututajia nyumba moja baada ya nyingine: nani alikaa wapi, duka gani lilikuwa chini, harusi ya nani ilifanyika roshani ipi. Tangu siku hiyo nimewapangia ndugu, majirani na wageni safari nyingi za namna hii. Nawaandikia wanaotaka kupanga wenyewe: mtu na mchumba wake, familia inayompokea ndugu kutoka Muscat au Toronto, watoto wanaomuaga mzee wao anayestaafu. Tumewaachia watalii starehe hii muda mrefu mno.

Hatua ya 1: Tazama mwezi kabla ya kuuliza bei

Wengi huanza na bei. Anza na maji. Vyombo vidogo vya mbele ya mji hupakia watu ufukweni, pale Forodhani au Shangani, na wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maji yakiwa yamejaa, mashua husogea karibu nawe ukapanda kwa hatua chache, yakikufika magotini. Yakiwa yamekupwa, unatembea juu ya mchanga mlaini na mawe yenye mwani mpaka chombo kilipo.

Mara moja nilimkabidhi kazi hii mtu wa safari aliyetuahidi kila kitu, akatupangia tarehe 26 ya mwezi wa Kiislamu, saa 11 na nusu jioni. Tulifika na wazee 2 na mtoto wa miezi 9, tukaikuta bahari imerudi nyuma na chombo kinaelea mbali. Mama mkwe wangu alipita kwenye mawe yale ameshikwa mikono na vijana 2, buibui limelowa mpaka kiunoni. Alifika chomboni magoti yanamuuma, na safari nzima hakusema neno. Chakula kilikuwa kizuri, nahodha alikuwa hodari. Tarehe ndiyo iliyokuwa mbaya.

Wavuvi wetu wanaujua mpango wa maji kwa moyo, na wewe unaweza kuushika kwa dakika 5. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndiyo siku za bamvua, na siku hizo hapa Unguja maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11, alfajiri na jioni, hupwa kuelekea saa 4 na saa 5. Kila siku inayofuata huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo shika kalenda ya Kiislamu, si ile ya ukutani, na uhesabu hivi.

Tarehe 14 hadi 17 ndizo ninazozipenda kuliko zote. Unapanda maji yamejaa au ndiyo kwanza yanaanza kurudi, na tarehe 14 na 15 mwezi mpevu huchomoza nyuma ya mapaa ya mji wakati uleule jua linapotua baharini. Huna haja ya mapambo mengine. Tarehe 16 na 17 mwezi huchelewa kidogo, lakini maji yako vizuri zaidi wakati wa kushuka. Tarehe 2 hadi 4 nazo ni njema: maji yamejaa, na hilali nyembamba inaning'inia magharibi baada ya jua kuzama, kisha giza linaingia na nyota zinajaa. Tarehe 7 na 8, au 22 na 23, ni maji mafu. Bahari haipandi sana wala haishuki sana, na safari huwa ya wastani. Tarehe 10 hadi 12 na 25 hadi 27 maji huwa yamekupwa jioni, basi ukiwa na wazee au watoto ziache. Hesabu hii ni ya kukadiria. Ukishachagua siku, ihakikishe kwa jedwali la maji la mwezi huo, na zaidi kwa nahodha mwenyewe.

Hatua ya 2: Pepo na saa ya jua

Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba mpaka Machi, kusi kuanzia Aprili, na nguvu zake hasa ni Juni hadi Agosti. Mji Mkongwe uko magharibi ya kisiwa, kwa hiyo kisiwa chenyewe huukinga kiasi. Siku ambayo Paje au Jambiani kuna mawimbi ya kutisha, Forodhani panaweza kuwa shwari. Lakini kinga hiyo ni ya karibu na ufuko. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit, boti ya abiria kubwa kuliko chombo chochote utakachokodi, ilizama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam, katikati ya kusi. Tuliozika watu mwezi ule hatuhitaji kukumbushwa. Nahodha akikuambia leo hatutoki, mshukuru, badilisha siku, na usimshawishi kwa kumwongezea fedha.

Miezi rahisi kwa asiyezoea bahari ni Septemba na Oktoba, kusi inapolegea na kuelekea maleleji (upepo mwepesi wa kati ya misimu), na Januari na Februari ambapo anga huwa safi. Aprili na Mei ni masika. Unaweza kupata jioni moja nzuri ajabu baada ya mvua, lakini usiwaite wageni kutoka mbali kwa kuitegemea. Asubuhi ya siku yenyewe soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuhusu upepo na mawimbi.

Jua huku kwetu halihami sana. Mwaka mzima hutua kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo: mapema zaidi karibu na mwisho wa Mei na mwanzoni mwa Novemba, kwa kuchelewa zaidi mwanzoni mwa Februari. Panda chombo saa 1 na nusu kabla ya kutua. Usisogeze mbele kwa kusubiri mtu mmoja aliyekwama kwenye foleni ya Darajani, maana hapa jua likigusa maji huzama kwa dakika 2 au 3 hivi, na mwanga unaobaki hauchukui nusu saa kuondoka. Jua pia linakotua: Juni na Julai ni upande wa visiwa vya Bawe na Changuu, Desemba na Januari ni kusini zaidi, kwenye bahari wazi. Anayetaka picha ya jua nyuma ya kisiwa na anayetaka jua juu ya maji matupu hawachagui mwezi mmoja.

Hatua ya 3: Chombo kinachokufaa

Ngalawa ni nzuri kwa watu 2 au 3 wenye moyo wa bahari. Iko chini, inateleza, unasikia maji chini ya ubao. Haifai kwa mwenye mimba, mzee, wala sinia la pilau. Jahazi linafaa kundi kubwa, sherehe ya watu 20 au zaidi, na likipandishwa tanga lake mbele ya mji kila aliye Forodhani atageuka kutazama. Boti za mbao za mashine zenye paa la turubai, zile zinazopeleka watu Changuu mchana, ni imara na rahisi kupatikana, ila paa hukuzibia anga na mashine huzima mazungumzo.

Kwa familia ya kawaida napendekeza mashua yenye tanga na mashine ya nyuma, vyote viwili. Tanga ni kwa ajili ya kimya. Hakuna kitu kinachofanana na dakika ile nahodha anapozima mashine, tanga likashika upepo, na ghafla mnasikia sauti za watoto wa Forodhani zikija juu ya maji. Mashine ni kwa sababu upepo una tabia ya kufa pamoja na jua, na hutaki kukaa gizani ukisubiri pumzi.

Hatua ya 4: Mtafute nahodha, siyo tangazo

Ufukweni utapokewa na papasi, madalali wa wageni, kabla hujavua viatu. Wengine ni vijana waungwana wanaotafuta riziki, lakini papasi si nahodha, na fedha unayompa si yote itakayofika chomboni. Njia ninayoifuata ni hii: nenda siku 1 au 2 kabla, kwenye saa 12 za jioni, ukae tu ukutani Forodhani utazame vyombo vinavyorudi. Mwangalie nahodha anayepunguza mwendo mapema, anayeshuka yeye kwanza majini kumshika mkono abiria, ambaye mabaharia wake wanafanya kazi bila kupigiwa kelele. Huyo ndiye wa kumfuata.

Msalimie kama inavyostahili mtu wa bahari: "Shikamoo nahodha," au "Assalaam alaikum" ukipenda. Kisha mwulize, "Keshokutwa maji yanajaa saa ngapi?" Nahodha wa kweli hujibu bila kutazama simu, na mara nyingi huongeza jambo ambalo hukuliuliza: "Tokeni saa 11 kamili, mkichelewa mtapata tabu ya kushuka." Anayejibu kwamba saa yoyote sawa tu, agana naye kwa adabu.

Baada ya hapo omba kukiona chombo kikiwa tupu. Usione haya, si matusi. Vyombo vya abiria husajiliwa na kukaguliwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar; tafuta namba iliyoandikwa ubavuni na omba kuona cheti, kisha soma idadi ya watu kinachoruhusiwa kubeba. Katika idadi hiyo mhesabu na mtoto wa kupakatwa. Hesabu majaketi ya kuokolea moja moja, uyavae mawili matatu uone kama kamba zinafunga, na uulize ya watoto. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto majini. Tazama ngama: maji kidogo chini ya mbao ni kawaida ya chombo cha mbao, lakini pawepo ndoo au pampu, na ngama isinuke petroli. Uliza taa. Mtarudi gizani, na chombo kisicho na taa ya kijani kulia na nyekundu kushoto hakionekani na boti kubwa. Tazama nanga na kamba yake, mafuta ya akiba, makasia, na simu iliyochajiwa katika mfuko usiopitisha maji.

Mkague na nahodha pia. Asiwe mlevi, asiwe anatafuna chochote cha kumchangamsha, asiwe peke yake. Chombo cha tanga kinahitaji angalau baharia 1 wa kumsaidia, awe mtu mzima au kijana anayeijua kazi, siyo mtoto wa shule.

Hatua ya 5: Kupatana

Patana bei ya chombo kizima, siyo ya kichwa. Ukipatana kwa kichwa, kila mgeni anayeongezeka ni mjadala mpya, na mwenye chombo ana sababu ya kujaza watu. Taja mambo haya wazi: saa ya kutoka na saa ya kurudi, mahali pa kupandia na kushukia, kwamba chombo ni chenu peke yenu, kwamba bei ina mafuta ndani yake, na kwamba dalali, kama yupo, analipwa na nani. Patana pia kuhusu hali ya hewa: nahodha akiahirisha, malipo ya awali yanahamia siku nyingine au yanarudi.

Lipa sehemu kwanza na inayobaki baada ya kushuka. Tuma kwa pesa za simu ili kumbukumbu ibaki, kisha mwandikie nahodha ujumbe mfupi wenye tarehe, saa na bei yote, naye ajibu. Katika safari zote nilizopanga, ugomvi wa bei umetokea pale tu ambapo makubaliano yalikuwa ya mdomo. Na usimkandamize. Yule mtu anabeba roho za watoto wako.

Hatua ya 6: Chakula, nguo na vya kubeba

Chombo kinayumba, kwa hiyo chagua chakula cha mkono mmoja. Sambusa, katlesi, kachori, mishikaki iliyokwisha kuchomwa nyumbani, mkate wa ajemi uliokatwa, mkate wa kumimina, vipande vya embe au nanasi kwenye bakuli lenye kifuniko. Urojo nauenzi kama Mzanzibari yeyote, lakini mahali pake ni nchi kavu. Bakuli moja likimwagika mnakaa na harufu ya ukwaju na bizari mpaka mwisho. Jiko la mkaa msiwashe ndani ya chombo cha mbao chenye petroli. Kahawa ije imeshapikwa, kwenye chupa ya chai au dele lililofungwa vizuri, pamoja na halua na vikombe vidogo. Hakuna sehemu ya kunywea kahawa chungu inayoshinda hii.

Katika Ramadhani safari hii hugeuka futari, na nasema kwa dhati kuwa ndiyo futari niliyoipenda kuliko zote: tende, maji, uji wa pilipili manga, kalmati, na adhana ikija juu ya maji kutoka misikiti mingi kwa pamoja. Mwulize nahodha mapema, maana naye amefunga na pengine anataka kufuturu kwake. Akikubali, fungu lake na la mabaharia liwe la kwanza kupakiwa.

Vaa nguo zinazokunjika mpaka magotini na malapa ya kuvua. Khanga au kikoi cha ziada kwa kila mtu, maana upepo wa baada ya jua ni baridi kuliko unavyodhani, hasa kipupwe. Mnapopita mjini kuelekea ufukweni jisitirini kama kawaida ya mji. Simu na fedha ziwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Anayelevywa na bahari ameze dawa saa 1 kabla, asipande na tumbo tupu wala lililojaa pomoni, na akae katikati ya chombo akitazama mbali. Tangawizi mbichi ya kutafuna husaidia wengi.

Muziki ni hiari. Nimewahi kumchukua mpiga udi na mpiga dumbaki, sauti tupu bila vipaza, na watu wa mashua jirani wakasogea kusikiliza. Spika kubwa sizipendekezi: bahari hubeba sauti mbali, na mbele yenu ni mji wenye misikiti na wagonjwa.

Hatua ya 7: Kupanda

Waislamu wasali alasiri kabla ya kutoka nyumbani. Fikeni ufukweni nusu saa kabla. Vijana wa kiume wapande kwanza wakapokee, kisha wazee, kisha wanawake wenye watoto, mizigo mwisho. Kigoda cha plastiki kinachotiwa majini kando ya chombo humwokolea mzee magoti yake. Kibebe kutoka nyumbani, usitegemee kukikuta. Ikiwa kuna anayetumia kiti cha magurudumu, ongea na nahodha siku kadhaa kabla, atafute mahali pa ngazi ambapo maji yakijaa chombo kinaweza kufunga.

Majaketi yavaliwe kabla nanga haijang'olewa. Mtu mzima mwenye cheo akikataa, mwombeni kwa heshima avae kwa ajili ya watoto wanaomtazama. Wagawanyeni watu pande 2 kwa uzito, na mfuateni nahodha akisema nani ahame. Ndiye anayejua chombo chake kinavyolala.

Hatua ya 8: Njia ya kupita

Nahodha ataamua kwa upepo, lakini mwombe mpango huu kama hali inaruhusu: kwanza kaskazini kwa mashine, polepole, mkifuata uso wa mji, kisha nje kuelekea magharibi, kisha tanga, na kurudi mkiutazama mji. Wakati wa kusi kwenda kaskazini kwa tanga ni kuteleza tu, kurudi ndiko kunataka kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, kwa hiyo wengine huanza kwa mashine kuelekea Shangani ndipo wapandishe tanga. Wakati wa kaskazi ni kinyume chake.

Mnapotoka Forodhani, geukeni mara moja. Maji yakiwa yamejaa jioni, vijana hujirusha kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, wengine wakipinduka hewani, na kutoka baharini unawaona wakikujia usoni. Jina la mahali penyewe linatokana na forodha, maana hapa ndipo mizigo ilipohesabiwa. Nyuma ya bustani ni Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Pembeni yake ni Beit el Ajaib ya Sayyid Barghash, iliyojengwa mwaka 1883, jumba la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Desemba 2020 sehemu yake ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa. Waonyeshe watoto, na uwaambie ulivyokuwa.

Maji mliyomo nayo yana habari. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipanga mstari hapa na kulipiga kasri alimokuwa Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani. Vita havikufika saa 1. Kwa hesabu nyingi ni dakika 38 hadi 45, na mamia ya watu walikufa au kujeruhiwa upande wa Sultani. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa papa hapa, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi. Ukiwa ufukweni hiyo ni habari ya kitabuni. Ukiwa ndani ya mashua, umbali ule kati ya mizinga na kasri unauona kwa macho yako, na unaelewa kwa nini mambo yalikwisha upesi.

Endeleeni mbele ya kasri la Beit al-Sahel, ambalo sasa ni makumbusho, mpite Mtini, kisha Ithnaashiri yenye roshani zake za mbao zilizochongwa. Hapa mwombe nahodha asimame kabisa. Jua la saa 11 na nusu linaupiga uso wa mji moja kwa moja, na kuta zilizofifia mchana zinageuka rangi ya asali. Dakika 10 za hapa zinafaa kuliko nusu saa ya kukimbizana na jua huko nje.

Msisogelee zaidi ya hapo. Mbele ni bandari ya Malindi, boti za mwendo wa kasi huingia na kutoka jioni, na wimbi lake humfikia mwenye mashua baada ya boti yenyewe kupita na watu kujisahau. Nahodha ataelekeza omo, yaani pua ya chombo, kwenye wimbi. Ninyi kaeni, shikeni sinia. Kwa mbali mtaona majahazi yaliyotia nanga na wavuvi wakijitayarisha kwa dago (kambi ya uvuvi) au usiku wa dagaa. Punguzeni mwendo karibu nao, nyavu ni mali.

Changuu mtaiona kaskazini-magharibi. Wageni huiita kisiwa cha jela, ingawa jela iliyojengwa pale haikupata kufungiwa wafungwa; pakawa mahali pa karantini. Jioni hakuna haja ya kushuka huko. Zimeni mashine, pandisheni tanga.

Hatua ya 9: Jua na magharibi

Adhana itawafikia kutoka mjini, misikiti ikipishana kwa sekunde chache. Zimeni muziki bila kungoja kuambiwa. Wanaosali wana nafasi: kutoka magharibi mpaka isha ni zaidi ya saa 1, kwa hiyo mnaweza kurudi mkasali nchi kavu, au mkatandika mkeka katikati ya chombo bahari ikiwa imetulia. Kibla ya Unguja ni kaskazini, karibu kamili, kwa sababu Makka iko takriban kwenye mstari uleule wa longitudo. Nahodha atawageuzia chombo kama mnataka. Wasiosali wakae kimya wale tende zao.

Kisha msirudi mara moja. Hili ndilo kosa la safari nyingi zinazouzwa: jua likizama tu, mashine inawashwa. Ombeni dakika 30 za giza, na mziweke kwenye makubaliano tangu mwanzo. Taa za Shangani huwaka kwanza, kisha Forodhani, majiko ya wapishi yakaanza kutoa moshi, na mji wote ukawa mstari mmoja wa mwanga juu ya maji. Januari na Februari tazameni juu mtaona Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Katika dakika hizi wazee husema mambo ambayo hawajapata kuyasema sebuleni, na wachumba huulizana maswali ya kweli. Mimi hunyamaza na kumimina kahawa.

Hatua ya 10: Kushuka

Taa ziwake, watoto wakae chini, mtu asisimame kutafuta viatu mpaka chombo kiguse. Maji yatakuwa yameshuka kidogo tangu mlipotoka. Shukeni kwa mpangilio: mizigo na vijana mwanzo, wazee wakiwa na mtu kila upande. Taka zote zirudi nanyi, hata maganda ya embe, maana huko chini ndiko wavuvi wetu wanakotegemea.

Hesabuni watu. Rudisheni majaketi moja moja mkononi mwa baharia. Malizia malipo papo hapo, bila kumpigisha nahodha hodi ya kesho, na bakshishi ya mabaharia mpe kila mmoja mkononi mwake. Mwombe namba yake ya simu na umwambie ni kitu gani kilichowafurahisha, wengi hawaambiwi.

Acha galoni la maji baridi kwa mtu ufukweni kabla hamjatoka, mkirudi mnasuuza miguu chumvi na mchanga. Baada ya hapo, kama wazee hawajachoka, pandeni taratibu mpaka Jaws Corner, kuna kahawa nyingine, na mabarazani watu watawauliza mmetoka wapi na nguo zimelowa.